Nilivyopata gramu za shaba zinazokubaliana na hesabu ya Faraday

Kwenye daftari, elektrolisisi ya mrututu, yaani kupitisha umeme kwenye myeyusho wa salfeti ya shaba ili shaba itoke, ni nyepesi. Ampia zidisha kwa sekunde, gawa kwa 96,500 (kulombi za moli moja ya elektroni), zidisha kwa 63.5 (gramu za moli moja ya shaba), gawa kwa 2 (kila ioni ya shaba, yaani atomu yenye chaji, huchukua elektroni mbili). Ampia 0.20 kwa dakika 90 ni kulombi 1,080 za chaji ya umeme, na hizo zinapaswa kuacha gramu 0.355 za shaba kwenye kathodi, bati la upande hasi. Kazi ni kuziona kwenye mizani.

Nilitumia gramu 25 za mrututu safi wa maabara (ule wa kunyunyizia mimea haufai, una uchafu), nikaujaza maji ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi, hadi mililita 200. Kisha nikatia mililita 10 za asidi ya betri, miwani na glavu zikiwa zimevaliwa. Asidi husaidia umeme kupita. Vibati viwili vya shaba vyenye upana wa sentimita 2.5 vilizama sentimita 6, vikitazamana. Umeme ulitoka kwenye chaja ya simu ya volti 5, ukapita kwenye reostati (ya kurekebisha mkondo) na ammita (ya kuupima).

Mara ya kwanza nilipeleka ampia 1 kwa dakika 18. Kulombi ni zilezile 1,080, lakini kathodi ilitoka na unga mweusi-mwekundu kama masizi, nikaanza kuona viputo, na nilipoisuuza nusu ya unga ukaenda na maji. Mizani ikasoma 0.27.

Sababu iko kwenye potensheli za elektrodi, yaani volti zinazoonyesha nani huchukua elektroni kwa urahisi zaidi: iliyo juu hutangulia. Shaba ni volti +0.34, haidrojeni ni 0.00, kwa hiyo kathodi huchukua ioni za shaba kwanza. Sharti ni kwamba ioni hizo ziwepo karibu na bati. Kwa ampia 1 kwenye sentimita za mraba 15, zinaliwa upesi kuliko zinavyofika. Potensheli ya kathodi inashuka mpaka zamu ya haidrojeni inafika, na sehemu ya umeme inaishia kwenye gesi. Shaba inayojengeka katika hali hiyo ni kama sponji, haishiki.

Kwa ampia 0.20, yaani miliampia 13 hivi kwa kila sentimita ya mraba, tabaka lilitoka rangi ya waridi, laini, likashika. Mizani: 0.35. Mkondo hauachwi peke yake. Niliusoma kila dakika 10 na kurekebisha reostati.

Usafi wa bati ni nusu ya kazi. Msasa laini, asidi hafifu, maji, kisha spiriti. Baada ya jaribio suuza taratibu bila kufuta, chovya kwenye spiriti, acha ikauke kwa hewa. Ukikausha juu ya moto, shaba inashika oksijeni, inakuwa nyeusi na kuongezeka uzito. Uzito wa kuamini ni wa kathodi: anodi, bati la upande chanya, hupoteza zaidi kidogo, kwa kuwa uchafu wake hudondoka na asidi yenye hewa huila shaba polepole.

Usiweke msumari kuwa kathodi, hata kama shaba haipatikani. Chuma ni volti -0.44, tofauti yake na shaba ni 0.78, hivyo unafunikwa na wekundu ndani ya sekunde kabla hujawasha chochote. Wakati huohuo chuma kinayeyuka: kwa kila gramu 63.5 za shaba zinazotua, gramu 55.8 za chuma zinaondoka. Uzito utakaopata hauna uhusiano na ammita.

Kaboni kwenye anodi inawezekana, ila hapo maji ndiyo yanayotoa elektroni, kwa +1.23. Unahitaji angalau volti 0.89, na kwa kweli zaidi, kwa sababu oksijeni hutoka kwa shida. Rangi ya buluu itafifia kadiri shaba inavyoisha. Kwa shaba na shaba, volti 0.3 hivi kati ya vibati zilitosha, na buluu haikubadilika.

Myeyusho ule bado ninao, kwenye chupa ya plastiki yenye lebo. Usiumwage mtaroni, mrututu huua samaki.