Sayyid Jamshid, sultani aliyezeekea Southsea

Sayyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, alifariki Muscat tarehe 30 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 95. Zaidi ya nusu ya maisha yake aliyaishi Uingereza, tena katika mji huu ninaokaa mimi, Portsmouth, upande wa Southsea. Habari ilipotoka, makundi yetu ya WhatsApp ya watu wa Afrika Mashariki yalichafuka. Kuna walioandika "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" wakaishia hapo. Kuna walioanza kurushiana maneno ya 1964 kama vile mapinduzi yalikuwa jana, na wengine hata hawakuwa wamezaliwa. Mimi nataka kumzungumza kama mtu, maana kwa miaka yote tumekuwa tukizungumza kiti chake tu.

Alizaliwa Unguja tarehe 16 Septemba 1929, katika ukoo wa Al Busaidi, babu yake Sayyid Khalifa bin Haroub akiwa ndiye anayetawala. Sayyid Khalifa alikaa kitini tangu 1911 hadi 1960, na hata leo ukimtajia mzee wa Kizanzibari "Sultani" bila jina, mara nyingi anayemjia akilini ni huyo. Mjukuu alipelekwa kusoma Alexandria, Misri. Babu alipofariki Oktoba 1960 akatawala baba, Sayyid Abdullah, naye hakudumu. Tarehe 1 Julai 1963 Jamshid akawa sultani, kijana wa miaka 33.

Alirithi kiti wakati mbaya kuliko wote. Mwezi huohuo wa Julai ukafanyika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. Chama cha Afro-Shirazi kikapata kura zaidi ya nusu, kama asilimia 54, lakini kikaambulia viti 13 kati ya 31. Muungano wa vyama viwili, ZNP (Zanzibar Nationalist Party) na ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party), ukachukua 18, na Mohammed Shamte akabaki waziri mkuu. Mtu akitaka kujua kwa nini nyumba ile ilianguka upesi, aanzie kwenye hesabu hiyo, kisha aongeze ardhi ilikuwa mikononi mwa nani, na kumbukumbu za utumwa ambazo familia nyingi zilikuwa bado zinazo. Sultani wa kikatiba hakuwa na uwezo wa kugeuza hata moja ya hayo, ila sura iliyokuwa juu ya yote ilikuwa yake.

Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, Prince Philip akiwa amekuja kumwakilisha Malkia. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakatokea. Sitaki kuipita siku hiyo kama watu wengi wanavyoipita. Kwa upande mmoja ilikuwa siku ya watu walionyimwa kudai chao. Kwa upande mwingine maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Waarabu, na wengi hawakuwa na cheo wala shamba. Yote mawili ni kweli, na mtu anayenitaka nichague moja nifiche jingine, hilo silikubali.

Jamshid na familia yake walitoroka kwa meli yake, Seyyid Khalifa, wakaelekea Mombasa. Sehemu hii ndiyo inayoniuma zaidi, pengine kwa sababu mimi ni mtu wa pwani. Ukanda wa pwani ya Kenya, maili kumi kutoka baharini, kisheria ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na tangu 1895 Waingereza waliutawala kwa niaba yake. Bendera yake nyekundu ilipepea Fort Jesus. Oktoba 1963 serikali yake ikakubali, kwa mapatano yaliyofanyika London, kuuacha ukanda huo uwe wa Kenya moja kwa moja. Miezi mitatu baadaye mwenye bendera anafika na watoto wake bandarini na kuambiwa hana ruhusa ya kushuka. Naelewa kwa nini serikali changa ya Kenyatta, iliyopata uhuru mwezi mmoja tu nyuma, iliogopa kumpokea. Lakini kama umewahi kusimama mbele ya afisa wa uhamiaji ukiwa na mtoto begani, unajua kuelewa sababu hakukupunguzii kitu. Ikabidi waende Dar es Salaam, na kutoka huko wakapandishwa ndege hadi Uingereza.

Ukoo wake ulikuwa na historia ndefu ya kuhamishwa. Sayyid Barghash, kabla hajawa sultani, alipelekwa Bombay baada ya kujaribu kumpindua kaka yake mwaka 1859. Dada yao Salme aliolewa na Mjerumani huko Aden, akaitwa Emily Ruete na kuishia Ujerumani. Khalid bin Barghash aliyejitangaza sultani mwaka 1896 alipigwa mizinga na manowari za Kiingereza, vita vikaisha kabla hata saa moja haijatimia. Alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani, akahamia Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata wakati wa Vita vya Kwanza na kumpeleka St Helena na Shelisheli. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927.

Na Portsmouth ndio mji wa jeshi lile la majini. Ukitembea Southsea leo utakuta mnara mrefu mweupe wa kumbukumbu ya mabaharia wao, umejaa majina. Ufukwe hauna mchanga kama wa kwetu, ni kokoto tupu, ukikanyaga zinalia chini ya viatu. Upepo unapiga mwaka mzima. Kuna hovakrafti inayovuka kwenda Ryde, mji wa kisiwa cha Wight, kwa dakika kama kumi tu. Mzaliwa wa Unguja akisimama pale atakiona kisiwa kile ng'ambo vizuri kabisa. Jamshid aliishi mitaa ya hapo, katika nyumba ya kawaida iliyoungana ukuta na ya jirani, na waandishi wa habari aliongea nao kwa nadra sana.

Oman, nchi ya mababu zake, ilimkatalia. Hili wengi hawalijui, wanadhani Mwarabu aliyefukuzwa Zanzibar alikuwa na kwao pa kurudi. Ni kweli kwamba Sultan Qaboos alipoingia madarakani mwaka 1970 aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, na maelfu walirudi kutoka Zanzibar, Mombasa, Burundi, Rwanda na Kongo. Ndio maana leo ukienda Muscat utasikia Kiswahili ofisini, sokoni na msibani. Hata ndugu wa Jamshid waliruhusiwa kuhamia huko. Yeye aliyekuwa sultani hakuruhusiwa, kwa utawala wote wa Qaboos. Ruhusa ilikuja Septemba 2020, Sultan Haitham akiwa ameshashika nchi, na ikawa wazi kwamba anapokewa kama mmoja wa ukoo, cheo cha sultani hakimo. Alikuwa anatimiza miaka 91. Huko ndiko alikozikwa.

Katika nusu karne ile angeweza kufanya mengi. Wapo wafalme waliopinduliwa waliokusanya wafuasi, wakatafuta fedha na silaha. Yeye hakuunda jeshi wala serikali ya uhamishoni yenye kishindo. Naamini kimya kile kiliokoa watu, hasa ndugu zake na Waarabu wenzake waliobaki visiwani, ambao kila uvumi wa "sultani anarudi" ungeangukia vichwani mwao. Kwa hilo namheshimu. Lakini kimya hicho pia kimeondoka na ushahidi wa mtu aliyekuwepo: nini aliambiwa usiku ule, nani alimshauri aondoke, Waingereza walimjibu nini.

Hapa tunapoishi bado wapo wazee wa 1964, wa pande zote mbili, na huwa wanakutana kwenye harusi na maziko bila kuulizana. Mmoja ni bibi ambaye mumewe alifurahia mapinduzi, mwingine ni mzee aliyempoteza kaka yake Unguja shamba. Nimewaomba nirekodi sauti zao kwa simu, kila mmoja nyumbani kwake. Bibi amekubali. Mzee amesema atazungumza kwa sharti moja, jina la kaka yake litajwe kamili mwanzoni mwa rekodi, kabla ya swali lolote. Tunaanza Jumapili.