Siku moja maishani mwangu: kuwinda jeti za Circinus X-1

Watu wakisikia nasoma nyota wanafikiri nakesha nje jicho likiwa kwenye darubini. Mi ni Mkenya, niko Cape Town nafanya uzamivu, na darubini ninayotumia, MeerKAT, ni ya mawimbi ya redio na iko mbali huko Karoo, madishi 64 yametapakaa jangwani. Kazi yangu kubwa ni kufanya vifaa vya nchi mbalimbali viangalie kitu kimoja kwa wakati mmoja, na hiyo ndo inachosha kuliko kukesha.

Saa 12 asubuhi. Kabla hata ya chai nafungua grafu za MAXI, kile kifaa cha Wajapani kilichoko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu 2009, nione kama eksirei zimeanza kupanda. Circinus X-1 ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kizito kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka, na nyota mwenzake, wanazungukana kila siku 16 na nusu, na wakikaribiana gesi ya mwenzake inamwagikia nyutroni, inazunguka kama diski, inapata joto kali hadi inatoa eksirei, halafu sehemu nyingine inarushwa nje kama jeti, yaani mchirizi wa kasi sana, na hizo jeti tunazipata kwa redio. Leo ndo siku ya kukaribiana.

Saa 3 hadi saa 8 mkutano, meili, chakula.

Saa 8 mchana nasafisha data ya zamani. Kwenye skrini unaona mistari inayong'aa kupita kiasi, karibu na megahezi 1090 ni ndege zinajitambulisha, na huku kwingine ni setilaiti za GPS, zote unazikata ndo ubaki na kile kilichotoka mbinguni kweli.

Saa 1 na nusu usiku MeerKAT ikaanza, kwanza kwenye J1939-6342, chanzo ambacho nguvu yake tunaijua vizuri kwa hiyo tunapimia, kisha Circinus. Setilaiti ya eksirei ilitakiwa ijiunge saa 2. Saa 2 ikafika, kimya. Saa 2 na robo, kimya. Naandika meili, naambiwa kumetokea mlipuko wa miale ya gama sehemu nyingine ya anga na setilaiti imegeukia huko. Naelewa kabisa, mlipuko haungoji mtu, lakini zamu yangu ya MeerKAT haiwezi kusogezwa na inaisha saa 5! Bila eksirei nitajua tu kwamba jeti imeng'aa, sitajua diski ilifanya nini kabla yake. Mwaka 2024 wenzetu walitangaza kasi ya jeti za nyota nyingine ya aina hii, 4U 1728-34, walipata takriban kilomita 114,000 kwa sekunde kwa sababu eksirei na redio zilikuwa zinaangalia pamoja, mlipuko ukaonekana kwenye uso wa nyota na dakika chache baadaye jeti ikang'aa. Ndo maana hizi dakika zinaniuma hivi. Mwenzangu wa Sutherland, kwenye darubini nyingine za huku Afrika Kusini, naye anaandika kuna mawingu, infraredi hakuna leo. Mama akapiga, "Umekula lakini?" nikamwambia bado mama, nangoja setilaiti, akaniambia basi kunywa hata uji.

Wakati nangoja nikafungua ile picha ya MeerKAT ya mabaki ya mlipuko uliozaa hii nyota. Mlipuko wenyewe tunavyouona hauna hata miaka 5,000, na umbo la mabaki yake linafanana na bara letu mpaka yakaitwa Nebula (wingu la gesi) ya Afrika, yamepigwa picha kwa darubini iliyojengwa Afrika, na hilo silichoki kulisema.

Sikumbuki vizuri ilikuwa saa ngapi, saa 4 na kitu, eksirei zikaanza kuingia. Tukapata dakika kama arobaini za pamoja, redio inapanda na eksirei zinashuka. Kupima kasi hazitoshi, ila zinatosha kuonyesha kwamba saa tulilenga sawa, kwa hiyo kabla sijalala nimeshaandika ombi la mzunguko unaofuata, na safari hii nimeomba setilaiti mbili.