Miezi Mitano ya Kumtuliza Doa

Doa alipoletwa kwangu alikuwa na kikohozi kikavu kilichomjia kila alipoinuka ghafla, na alichoka upesi kuliko inavyomstahili mbwa wa umri wake. Nilikuwa nimekubali kumlea kwa muda tu, hadi apate watu wa kukaa naye moja kwa moja. Daktari wa mifugo alimtoa damu kidogo, akaipima, na baada ya dakika chache akaniambia kwamba Doa ana minyoo ya moyo.

Minyoo hii huenezwa na mbu. Mbu anapomuuma mbwa mgonjwa hufyonza, pamoja na damu, vijiminyoo vichanga visivyoonekana kwa macho, navyo hukomaa mwilini mwa mbu huyo kwa wiki mbili hivi kabla ya kuweza kumwambukiza mbwa mwingine. Kwa hiyo Doa hakuwa hatari kwa mbwa waliomnusa au kula naye chombo kimoja, jambo nililolazimika kulieleza mara nyingi. Ndani ya mbwa, mnyoo huchukua miezi sita au zaidi kukua, na mnyoo jike huweza kufikia urefu wa sentimita 30. Makao yake ni mishipa mikubwa inayopeleka damu mapafuni, na inapokuwa mingi huingia hata kwenye moyo wenyewe. Isipotibiwa huweza kuishi miaka 5 hadi 7.

Nilitarajia kwamba dawa ya kuua minyoo ingeanza siku ile ile, lakini sivyo. Kwanza Doa alimeza vidonge vya doksisaiklini kwa wiki nne, ili kuwaua bakteria waitwao Wolbachia wanaoishi ndani ya minyoo. Bakteria hao wakitoweka, minyoo hudhoofika na madhara ya kufa kwake hupungua. Alipewa pia kinga ya kila mwezi dhidi ya minyoo michanga. Sindano ya kwanza ya melasomini, dawa yenye aseniki inayoua minyoo iliyokomaa, alichomwa siku ya 60, ndani kabisa ya misuli ya kiunoni. Ya pili ilikuwa siku ya 90, na ya tatu kesho yake.

Ugumu wenyewe haukuwa katika sindano. Minyoo iliyokufa haina njia ya kutoka mwilini: huvunjika vipande vipande, vipande hivyo husukumwa na damu hadi kwenye mishipa midogo ya mapafu, na hapo mwili huvimeng'enya polepole kwa wiki kadhaa. Mbwa akikimbia, moyo husukuma damu kwa nguvu wakati mishipa hiyo imekwisha kuzibwa, na anaweza kufa. Ndiyo maana Doa alitakiwa kutulia tangu siku alipopimwa hadi wiki nane baada ya sindano ya mwisho, na tatizo ni kwamba baada ya mwezi mmoja wa vidonge alijisikia mzima na alitaka kucheza.

Alilala ndani ya kizimba kilichomtosha kusimama na kugeuka, na kila alipokwenda kujisaidia nilimfunga kamba fupi, hata usiku wa manane, hata palipokuwa na hatua kumi tu. Nilijifunza kumchosha akili badala ya miguu. Nilikunja chakula chake ndani ya taulo kuukuu ili akitafute kwa pua, nikamfundisha kuweka kidevu chini na kungoja, na nilipokuwa na kazi nilikaa sakafuni kando ya kizimba ili anione. Walikuwapo walioniambia kwamba ninamtesa na kwamba dakika tano za kukimbia hazingemdhuru. Maneno hayo yaliniumiza, kwa kuwa waliyasema kwa huruma.

Jioni moja, wiki moja baada ya sindano ya kwanza, mgeni aliacha mlango wazi na Doa akatoka, akazunguka uwanja mara tatu kabla sijamkamata. Usiku ule sikulala. Nilihesabu pumzi zake akiwa usingizini, kwa kuwa daktari alikuwa amenifundisha kwamba zikizidi 30 kwa dakika nimpigie simu. Hazikuzidi. Hofu kubwa zaidi ilikuja siku ya nane baada ya sindano ya tatu, alipokataa chakula, akapata homa na kikohozi kikarudi. Tulirudi kliniki mara moja. Daktari aliongeza kipimo cha prednisoloni ili kutuliza uvimbe wa mapafu, na baada ya siku tatu Doa alikula kutoka mkononi mwangu. Nililia waziwazi, wala sioni aibu kulisema.

Wiki nane zilipokwisha tulianza na matembezi ya dakika tano, tukiongeza kidogo kidogo. Siku nilipomfungulia kamba uwanjani kwa mara ya kwanza hakukimbia. Alisimama kando ya mguu wangu akinitazama, akingoja nimwongoze, hadi nilipoanza kutembea mimi kwanza.

Familia iliyomchukua iliendelea kuniletea habari zake. Kipimo cha mwisho hufanywa miezi tisa baada ya sindano ya mwisho, na asubuhi walipotoka kliniki walinipigia simu: damu yake haikuonyesha dalili yoyote ya minyoo, na kidonge chake cha kinga cha mwezi ule alikuwa amekwisha kukimeza.