Walisema transfoma imeungua, kumbe ni kapasita

Fundi akikuambia transfoma ya ampu yako ya gitaa imeungua na hajagusa hata mita ya kupimia umeme, chukua ampu yako uondoke.

Bendi yetu hapa Bombo, Uganda, hupiga kwenye harusi, na ampu yetu ni ya valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti, wati 50: EL34 mbili kubwa za kutoa nguvu na ECC83 tatu ndogo za mwanzo. Ilianza kunguruma, kisha ikawa inakata fyuzi. Fundi mmoja wa Kampala alitaka laki nne na ushee asuke transfoma upya. Mwingine alitushauri tung'oe valvu tuweke transista, eti valvu zimepitwa na wakati. Ile iliniudhi kweli. Mtu anayesema hivyo hajasikia gitaa likilia kupitia valvu zilizopata moto.

Nikaamua kuitafuta shida mwenyewe, kwa balbu. Inatakiwa balbu ya kizamani yenye waya ndani, wati 100, LED haifai. Madukani sikuipata. Nikamkumbuka mama jirani anayefuga kuku, maana hulelea vifaranga kwa balbu hizo.

“Chukua, mwanangu, lakini irudi kabla ya jioni. Vifaranga watapata baridi.”

Balbu inafungwa kwenye waya wa moto, ili umeme upite kwake kabla ya kufika kwenye ampu. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na ampu inasalimika. Nikachomoa EL34 zote mbili, nikawasha. Balbu ikang'aa mara moja, kisha ikafifia ikabaki na wekundu mdogo tu. Transfoma nzima! Laki nne zetu zilikuwa zinakwenda bure.

Nilipozirudisha valvu, balbu ikabaki inawaka, na EL34 ya kulia bamba lake la ndani likaanza kuwa jekundu. Watu wengi hapo hukimbilia kununua valvu mpya. Mimi nilizibadilisha nafasi: ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Wekundu ukabaki kulia. Basi valvu haina kosa, shida iko upande wa soketi ile.

Pini ya 5 ya EL34 ndiyo gridi, mlango unaodhibiti umeme unaopita ndani ya valvu, na kwenye ampu kama yetu lazima iwe na volti hasi. Nikachomoa valvu tena, nikapima: kushoto hasi 38, kulia hasi 11. Gridi ikikosa volti hasi ya kutosha, valvu inapitisha umeme mwingi mno na kujichoma. Na kwa kuwa pande mbili hazilingani tena, mngurumo ambao kwa kawaida zinaufuta unasikika.

Kabla ya gridi kuna kapasita ya mikrofaradi 0.022, kazi yake kupitisha sauti na kuzuia volti kubwa zisivuke. Nikazima, nikamwaga umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita kubwa kwa rezista (usilisahau hili hata kidogo, zinakaa na zaidi ya volti 400 hata plagi ikiwa imetolewa), nikainua mguu mmoja wa ile kapasita. Kuwasha na kupima tena: hasi 38! Nilipiga kelele hadi watoto wakaja kuangalia.

Kapasita nilizipata Katwe, Kampala, kwenye bodi za televisheni kubwa za kizamani, za volti 630, kwa pesa ya rolex (chapati ya mayai) na chai. Zipime kwanza, na ubadilishe pande zote mbili, kwa sababu zimezeeka pamoja.

Baada ya hapo nilirekebisha bayasi, yaani ile volti hasi ya gridi, hadi kama miliampea 35 kwa kila valvu, na balbu ikiwa imeshaondolewa, maana ikiwepo inashusha volti na vipimo vinadanganya. Jumamosi iliyofuata tulipiga harusi hadi usiku wa manane na fyuzi haikukatika. Fundi wa laki nne bado ananipigia simu kuuliza tunaileta lini.