Ule uyoga kwenye shina la mwembe

Jamani, mwembe wetu wa nyuma ya nyumba hapa Tanga ulinidanganya. Majani kijani kibichi, maembe tele msimu uliopita. Kumbe chini kabisa, shina linapokutana na udongo, umeota uyoga mgumu kama kisahani kilichochomekwa ubavuni: juu kahawia inayong'aa utadhani umepakwa vanishi, ukingo mweupe. Mara ya kwanza niliupiga teke, ukabanduka, nikajisifu. Baada ya mvua ukarudi, na wenzake wawili.

Babu jirani, mpasua mbao wa zamani, akacheka. "Mjukuu wangu, hilo ni tunda tu. Mwenyewe yumo ndani." Akachukua nyundo, akagonga shina kuanzia kifuani kushuka. Juu: ko, ko. Chini: bu, kama ngoma. Nikasukuma bisibisi kwa mkono, ikazama hadi mpini. Ubao wa ndani mweupe, laini kama sponji.

Kumbe jamii hii inaitwa Ganoderma. Inaozesha kiini na mizizi, huku maji yakiendelea kupanda kwenye ubao wa nje, chini ya gome. Ndiyo maana majani hayasemi kitu. Ungeota kwenye tawi kavu huko juu, ningekata tawi, basi. Lakini shinani, na mti wenyewe umeinamia chumba cha watoto?

Jumamosi tumeuangusha, kipande kwa kipande kuanzia juu. Kisiki kina tundu, ndoo ya lita 20 inaingia. Mama watoto bado ananuna: maembe sasa tunanunua sokoni.