Mabati ya gari langu nilivyoyapaka rangi ya unga

Gari lenyewe ni la viti viwili. Chesisi ni ya mabomba ya mraba niliyoyachomelea mwenyewe uani, Tabata, na bodi ni mabati ya aluminiamu ya milimita 1.2, vipande 14. Majirani wanaliita "kibajaji chako" na nimeshaacha kubishana nao.

Kipande cha kwanza nilikipulizia rangi ya kopo. Haukupita mwezi ikaanza kubanduka kama ganda la kitunguu. Hapo ndipo nilipobeba kipande kimoja mpaka kwenye karakana inayopaka fremu za madirisha ya aluminiamu kwa rangi ya unga, yaani unga mkavu unaonatishwa kwenye bati kwa umeme kisha ukaokwa. Oveni yao ni ndefu, mabati yangu yangeingia bila shida.

Mzee wa pale alikigeuzageuza, akagusa kwa kucha sehemu niliyoziba bonyeo kwa puti.

"Kijana, hii itoke yote."

"Yote, mzee? Nimeisugua siku nzima."

"Umeme haupiti kwenye puti, unga utashika wapi? Na kwenye nyuzi 200 itanifanyia moshi."

Akauliza pia kama nimemaliza kukata, kukunja na kutoboa. Sikuwa nimemaliza. Ukikata baada ya kupaka, ukingo unabaki mtupu, na kwa hewa ya chumvi ya Dar rangi itaanzia hapo kuinuka. Nikarudi nyumbani. Bonyeo nililinyoosha kwa nyundo ya mpira juu ya mfuko wa mchanga, jioni mbili. Jua la asubuhi bado linalionyesha.

Kazi kubwa ilikuwa usafi. Ile nailoni ya kulinda bati huacha gundi usiyoiona, kwa hiyo nilipitisha asetoni mara mbili, nikasugua kwa msasa laini, kisha nikamwaga maji. Yakitawanyika bati zima, bati safi. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la gimbi, mafuta bado yapo. Vipande vitano vilinirudisha kwenye asetoni. Baada ya hapo ni glovu tu, na karakana nao wakayachovya kwenye matangi yao ya dawa kabla ya kukausha.

Kupuliza kwenyewe kulikwisha haraka. Bati linaning'inia kwenye ndoano yenye athi (iliyounganishwa na ardhi), bunduki inaupa unga chaji, unga unaruka na kung'ang'ania hata upande wa nyuma. Ila kwenye kona za ndani unagoma, mpaka fundi apunguze volti na kupuliza taratibu.

Oveni ilikuwa nyuzi 200, dakika 10, zinazohesabiwa bati lenyewe likishafika joto hilo. Umeme ukakatika katikati. Mimi nilishika kichwa. Mzee alisubiri mabati yapoe, akasugua pembeni kwa kitambaa chenye asetoni, rangi ikahamia kitambaani: haijaiva. "Inarudi motoni tu, si maandazi haya," akasema, na umeme uliporudi akayaoka upya. Safari hii kitambaa kilitoka karibu kama kilivyoingia.

Kosa langu lilinisubiri nyumbani. Ribiti zangu, zile pini za kuungia mabati, ni za milimita 4, matundu nilitoboa 4.1. Rangi ina unene wa kama mikroni 80 (milimita 0.08) na inapaka ukuta wote wa tundu, kwa hiyo kipenyo kilipungua kwa milimita 0.16 hivi, kikabaki 3.94. Ribiti hazikuingia. Moja niliisukuma kwa nguvu, ikamega rangi. Matundu zaidi ya 200 niliyapitishia keekee kwa kuizungusha na vidole, usiku tatu. Gari lijalo natoboa 4.3.

Na usisahau athi ya taa, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi. Taa ya nyuma ya kushoto ilipokea umeme na haikuwaka, nikabadilisha balbu, nikabadilisha waya, nikakasirika. Rangi ilikuwa imeziba njia hiyo. Nikakwangua duara dogo chini ya washa (kile kipete cha bati) ya athi, taa ikawaka.