Sataranji ya polepole kati ya klabu dada

Klabu mbili zilizo katika nchi tofauti zikitaka urafiki wa kudumu, naamini sataranji ya polepole, ile ya kutumiana hatua moja baada ya nyingine, inafaa kuliko mashindano ya siku moja. Klabu za Edinburgh na London zilicheza hivyo kwa barua kuanzia mwaka 1824 hadi 1828, na Edinburgh ikashinda. Leo ujumbe hufika papo hapo. Hata hivyo, ningependa kila upande upewe siku kadhaa, kwa sababu wanachama wanapouzunguka ubao mmoja na kubishana farasi aende wapi, ndipo wanapoanza kuulizana wenzao wa ng'ambo wanawaza nini. Kila hatua iambatane na salamu na habari za wanachama, na mchezo ukiisha, wabadilishane rangi waanze mwingine.